Kusikia Meli Mbili Wambaa

Masika ya mwaka juzi, meli ya mizigo ilipita juu ya jarife, wavu mrefu wa shemeji yangu, katika mkondo nje ya kijiji chetu cha Wambaa. Mvua ilikuwa imefunga, hakuiona mpaka ubavu wake ulipomsimamia kichwani. Jarife lilikatika, yeye akapona. Dada yangu, mkewe, alitoa sharti moja: hatatoka tena kwenda mkondoni siku za mvua mpaka awe na kitu cha kumwambia meli ipo kabla hajaiona. Kisha akanigeukia mimi, mdogo wake, fundi wa redio na madishi.

"Weye si unasoma hayo mawimbi miaka yote? Basi yasome na kwa hili."

Nilikuwa nayasoma kweli. Shule niliiacha kidato cha pili. Hesabu za mawimbi nimejifunza peke yangu, kwa simu na madaftari, ukurasa mmoja wakati mwingine kwa mwezi mzima. Nilijua kwamba meli kubwa zina rada, na rada haiwezi kufanya kazi kimya. Hutoa mipigo mifupi mno ya mawimbi, mamia kwa sekunde, na kila meli ina mwendo wake wa kupiga. Anayetaka kujua kama meli ipo hana haja ya kutoa chochote. Asikilize tu.

Nilichukua kichwa cha dishi la televisheni, ambacho hupokea masafa yaliyo jirani na ya rada, nikakiunga na risiva ya kuchomeka kwenye kompyuta ndogo, vyote ndani ya sanduku la plastiki pamoja na betri. Programu niliiandika mwenyewe: ipime muda kati ya mpigo na mpigo unaofuata, nafasi zikilingana, iwashe taa na kulia.

Siku ya kwanza ufukweni sanduku lililia, na bahari ilikuwa tupu. Nyuma yetu ilikuwa inapita bodaboda. Cheche za plagi yake ziliingia kupitia waya.

"Yakhe," shemeji alisema, "miye huko ninakokwenda bodaboda hazifiki."

Nikaweka sharti kali kwenye programu: nafasi zisipolingana kabisa, ihesabu kuwa ni kelele na inyamaze. Bodaboda zikakoma. Kwa wiki mbili sanduku liliitambua boti ya abiria kila ilipokaribia bandari ya Mkoani, na mimi nikaanza kutembea nalo kama mtu aliyenunua gari.

Siku ya kulikabidhi tulisimama ufukweni watatu. Boti ya abiria ilikuwa inaingia, na upande wa kisiwa cha Makoongwe kulikuwa na meli ya mizigo ikisubiri nafasi bandarini. Zote mbili tuliziona kwa macho. Sanduku lilikuwa kimya.

"Limelala," alisema shemeji.

"Subiri."

"Nasubiri nini? Meli mbili hizi hapa, wallahi hata bibi yangu asiyeona angezinusa!"

Dada hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ingekuwa yuko mkondoni, angejua?"

Nikamjibu kweli: asingejua. Nilikuwa nimeshaelewa kosa. Mipigo ya meli mbili ilikuwa inaingia kwa pamoja, imechanganyika, na nafasi kati yao hazikulingana tena. Programu yangu iliona vurugu, ikaamua ni bodaboda, ikanyamaza. Meli zikiwa nyingi na karibu, ndipo sanduku langu lingemwambia mtu kwamba yuko salama.

"Jumamosi nakwenda," alisema shemeji. "Na sanduku, bila sanduku, nakwenda. Watoto hawali programu."

Alhamisi alasiri nilikwenda kwa dada na daftari langu, sina jibu. Dada ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapo barazani kwake. Watoto wapata thelathini walikuwa wamekaa mkekani, kila mmoja na sura yake, wote wanasoma kwa sauti na kwa pamoja kama ilivyo desturi ya vyuo vyetu. Mimi nilisikia mvumo mmoja tu. Dada alikuwa anasuka ukili wa mkeka, macho chini.

"We wa mwisho, rudi nyuma. Umeruka aya."

Mtoto akarudi. Nimeona jambo hilo tangu utotoni na sikuwahi kuliuliza. Siku hiyo niliuliza: unawasikiaje wote?

"Siwasikii wote. Nani awezaye?" Aliendelea kusuka. "Namshika mmoja. Mwendo wake naujua, kwa hiyo najua sasa hivi anatakiwa awe amefika neno gani. Nikimkuta pale, nakwenda naye kidogo. Nikiridhika namwacha, nashika mwingine katika waliobaki."

"Na akikohoa?"

"Akikohoa simfuti, maskini. Namngoja mbele, pale atakapotokea."

Nilifungua daftari magotini na kuandika. Mimi nilikuwa nimepima kila mpigo dhidi ya jirani yake, jirani yeyote. Yeye hakujali jirani. Alikisia mwendo wa mmoja, akaenda kumngojea mbele, akamtoa kwenye mvumo, akaanza upya na waliosalia. Na pengo moja halikumvunjia hesabu. Baadaye niligundua kwamba wahandisi huzitenganisha rada kwa njia inayofanana sana na hiyo. Dada yangu alikuwa akiifanya kwa sikio, mikono ikiwa na kazi nyingine, tangu hajaolewa.

Niliandika programu upya usiku ule na asubuhi iliyofuata. Plagi ya bodaboda haikunisumbua tena, maana dereva akiongeza mafuta mwendo wake hubadilika, na programu ikimngoja mbele haimkuti. Nikaweka taa tatu, moja kwa kila meli. Ijumaa baada ya sala tulirudi ufukweni, na kwa boti na meli ya mizigo zikawaka mbili.

"Zikiwa tatu?" dada aliuliza.

"Tatu sijajaribu."

Alimgeukia mumewe. "Umesikia? Tatu hajajaribu."

"Nimesikia."

"Basi nenda."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Shemeji alirudi adhuhuri, ameloa mpaka mifupani, jarife zima ndani ya mashua. Alisimulia akiwa bado amesimama. Taa mbili ziliwaka, akavuta jarife na kukaa pembeni. Meli ikatokea kwenye mvua, ikapita. Akataka kutega tena, lakini taa moja ilikuwa bado inawaka. Akangoja, anajiona mjinga. Ya pili ikapita palepale.

Nilimuuliza ya pili ilipita baada ya muda gani, nikaandika. Dada aliinuka kwenda kumletea chai, akakaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.