Mume Mwenza Kwenye Basi la Potosi

Usiku ule marehemu Idrisa, mume wa kwanza wa mke wangu, alipanda basi letu katika nyanda za juu za Bolivia na akaketi kwenye kiti changu. Rehema hakuamka. Alisogea tu kidogo usingizini, akampa nafasi, kama anavyonipa mimi.

Nianze mwanzo. Mimi na Rehema tulikuwa katika siku ya kumi na tisa ya safari, kila mtu na begi lake la mgongoni. Tulilala nyumba za wageni za bei ya chini na tulipanda mabasi wanayopanda wenyeji. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: ndani ya basi hatulali wote. Mmoja analala, mwingine anakesha, kamba za mabegi yote mawili amejifunga kwenye kifundo cha mguu. Zamu ni saa mbili mbili.

Kihispania alikijua Rehema. Mimi nilikuwa na maneno machache tu ya kuombea maji na choo. Yeye alifundishwa na Idrisa, aliyesomea udaktari wa meno Kuba kabla hawajaoana. Kila kituo tulichofika, Rehema akifungua kinywa wakata tiketi walicheka na kumuuliza kama ni Mkuba. Naye alicheka, kicheko ambacho nyumbani kwetu Morogoro sikuwahi kukisikia.

Jioni ile, kituoni Oruro, mama mmoja muuza mikate alimshika mkono akamuuliza ni nani aliyemfundisha kusema vizuri hivyo. Rehema akajibu kwa maneno mawili. Maneno hayo nilikuwa nayajua: mume wangu. Mama yule akanigeukia mimi, akanipigia makofi.

Nikainamisha kichwa, nikapokea pongezi za mtu mwingine.

"Umenuna?" Rehema aliniuliza tulipokwisha kukaa.

"Ninunie nini?"

"Haya, baba. Zamu yako. Usije ukasinzia."

Nilisinzia.

Sikujua kama nimelala. Nilijikuta nimesimama kwenye njia ya katikati ya basi, na yeye ameketi. Nilikuwa nimewahi kuona picha yake moja tu, ya harusi, na humo alikuwa ametazama pembeni. Sasa alinitazama mimi. Alivaa koti jeupe la kazini, halina hata chembe ya vumbi, na barabara ile vumbi lake lilikuwa linaingia hadi puani.

"Karibu, mume mwenza," akasema. "Simama tu. Si mbali."

Nimefanya kazi ya gazeti miaka mingi, na mtu nisiyemwelewa huwa namhoji. "Umepandia wapi?"

"Nilikuwemo."

Namgeukia kondakta, na kondakta ni yule mama wa mikate. Anafungua daftari la abiria, anashusha kidole taratibu. Kiti cha kumi na saba, Rehema. Kiti cha kumi na nane, Idrisa. Nasoma ukurasa wote, naugeuza, nausoma tena. Jina langu halimo. Nataka kwenda kwa dereva lakini mabegi yamenifunga mguu, na kila ninapovuta yanakuwa mazito zaidi.

Halafu si basi tena. Ni sebule yetu Morogoro, viti vya basi vimepangwa ukutani, na nyumba nzima inanuka mafuta ya karafuu. Rehema amelala kwenye mkeka, kinywa wazi. Idrisa amepiga magoti kando yake na anamkagua meno, moja baada ya jingine, hana haraka. Anafika la nyuma kabisa, anatabasamu.

"Hili nililiziba mwenyewe," anasema. "Bado zima."

Miaka mitatu ya ndoa, na sikujua kama mke wangu ana jino lililozibwa.

"Mwache," nasema.

"Mimi nilishamwacha, bwana. Wewe ndiye unayeniita kila siku."

Anainuka, anafuta mikono kwenye koti, na jeupe lile halichafuki.

"Akiamka mwambie ya Arusha nilishamsamehe. Nilimsamehe siku ile ile."

"Ya Arusha yapi?"

Anacheka bila ubaya. "We mfikishie tu."

Niliposhtuka, kamba zilikuwa zimenibana mguu hadi umekufa ganzi. Mabegi yalikuwepo. Nje kulianza kupambazuka, kioo cha dirisha kimeshika barafu kwa ndani. Rehema alikuwa macho, ananitazama.

"Umelala kwenye zamu yako, wewe."

"Nimelala."

"Tungeibiwa hapa, tukarudi kwetu na soksi tu."

Ningeweza kunyamaza. Nisiwe mwongo: nililipima hilo kwa muda wa kona mbili za mlima. Nikinyamaza, Idrisa atabaki na maneno yake huko aliko, na Rehema hatapata hata moja. Kwa mara ya kwanza ningekuwa nimemshinda. Lakini nikamtazama mke wangu akijifunika shuka la basi hadi kidevuni, macho yamevimba kwa baridi, nikaona ujumbe ule si wangu kuuzuia.

"Nimemwota Idrisa," nikasema. "Kasema ya Arusha alishakusamehe. Siku ile ile."

Hakuniuliza nina maana gani. Hilo ndilo lililonichoma. Aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akalia bila sauti, mabega yanatikisika. Nilimwekea mkono mgongoni. Hakuuondoa, wala hakuniegemea.

"Alisema siku ile ile?" akauliza baadaye.

"Siku ile ile."

"Alhamdulillahi."

Nimelichunguza jambo hili kama ninavyochunguza habari yoyote. Rehema haongei usingizini. Hakuwahi kunitajia safari ya Arusha. Mara mbili nilipata kazi huko nikamwomba tufuatane, na mara zote mbili alisema ana shughuli.

Basi lilipokuwa linaingia Potosi, nilishindwa kujizuia.

"Arusha kulikuwa na nini, Rehema?"

Alikuwa anakunja shuka la basi, pembe kwa pembe.

"Hayo yalikuwa na mwenyewe," akasema, "na mwenyewe kashajibu."

Sijamuuliza tena. Mpaka naandika haya, sijui Arusha kulitokea nini.