Fundi wa Magurudumu ya Akiba na Buti Tupu la Mowlem

Saa mbili asubuhi, Shirleen Kui anachora mistari ya chaki kwenye matairi yote manne ya gari lake. Anaanza na la mbele kushoto, anazunguka gari, kisha analipiga kila moja picha kwa simu. Kiema Ndeti amesimama kando, mikono mifukoni, akisubiri amalize.

"Piga tu, madam," anamwambia. "Chaki hainikeri. Kinachonikeri ni mtu kurudi kesho na maneno."

Shirleen ni muuguzi anayeishi Umoja. Wenzake kazini wamemwonya kwamba mafundi wa magurudumu hutoa tairi zima na kuweka lililochakaa mwenye gari akigeuka kujibu simu. Hasemi kwamba Kiema ni mwizi. Hasemi pia kwamba si mwizi.

Kiema hafungui buti la mteja. Anamwomba Shirleen alifungue mwenyewe, ainue zulia na ubao ulio chini yake, aseme kwa sauti anachokiona. Shirleen anasema anaona chupa nyeupe na pampu ndogo. Gurudumu hakuna.

Magari mengi madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huuzwa hivyo. Mahali pa gurudumu la akiba, ambalo mtaani huitwa spea, kiwanda huweka chupa ya gundi ya kuziba pancha na pampu inayotumia umeme wa gari. Gundi hiyo huziba tundu la msumari. Haizibi mpasuko wa ubavuni, ambao tairi hupata likigonga ukingo wa shimo barabarani. Tena ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Ya Shirleen ilipita miaka mitatu kabla gari halijapanda meli.

Kazi ya Kiema, mwenye umri wa miaka 44, ni kuyapa magari kama hili gurudumu la tano. Ameifanya kwa miaka 11 katika ua wa kuegesha magari wa mtaa mmoja wa Mowlem, Nairobi, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta.

Anahesabu matundu ya nati, anapima umbali kati ya tundu na tundu, anapima shimo la katikati ya rimu, kisha kina cha nafasi iliyo chini ya ubao wa buti. Akishapata gurudumu linalokubali vipimo, anapiga jeki na kulifunga mbele kwanza. Hashushi gari mpaka alizungushe gurudumu kwa mkono na lizunguke bila kugusa kitu.

Utaratibu huo aliupata kwa kosa. Katika mwaka wake wa pili alimuuzia dereva mmoja gurudumu baada ya kulijaribu nyuma tu. Tairi la mbele lilipopasuka karibu na Machakos, dereva alifunga spea na ikakataa kuzunguka. Breki za mbele za gari lile zilikuwa kubwa kuliko za nyuma, na rimu iling'ang'ania juu yake. Dereva alikaa kando ya barabara kwa saa nne.

"Alirudi na hiyo spea akaitupa hapa mlangoni," Kiema anasema. "Hakunitusi. Aliniuliza tu kama nina watoto."

Kwa wiki huuza magurudumu manne hadi sita. Kila moja humwachia faida ya takriban Sh1,200. Kamati ya wakazi humtoza Sh3,000 kwa mwezi kwa nafasi ya kibanda.

Nafasi hiyo ndiyo iliyo hatarini. Saa sita mchana Jumamosi hii, kamati hiyo hiyo itakaa kuamua kama Kiema ataondoka. Anatuhumiwa kuiba gurudumu la akiba la mkazi, na alipewa wiki mbili alirudishe au athibitishe kwamba hakulichukua.

Mlalamishi ni Ng'ang'a Thuo, karani wa bima mwenye umri wa miaka 52, anayeishi ghorofa ya tatu ya jengo linalotazamana na ua. Mwezi Machi alimwachia Kiema ufunguo ili matairi ya mbele yahamishiwe nyuma na ya nyuma mbele. Kazi ilichukua saa moja, na Ng'ang'a hakuwepo. Mwezi Julai alipata pancha kwenye Barabara ya Kangundo, akainua ubao wa buti, akakuta shimo la mviringo lisilo na kitu.

Kwa Ng'ang'a, hesabu ilikuwa fupi. Mtu mmoja tu alikuwa ameachiwa gari lake, na mtu huyo anauza magurudumu ya akiba.

Kiema alizaliwa mjini Wote, kaunti ya Makueni, mtoto wa mchonga vinyago. Alikuja Nairobi miaka 19 iliyopita na kuanza kwa kusafisha rimu kuukuu katika soko la Gikomba. Mkewe, Mutheu, huuza mboga nje ya lango la mtaa. Anasema wiki mbili hizo wateja wake hawakupungua, lakini walibadilika.

"Walinunua sukuma bila kuniangalia," anasema. "Mmoja alihesabu majani."

Mutheu alimtaka mumewe ahame kabla ya kikao. Kiema alikataa. Alisema mtu akihama akiwa ametuhumiwa, hatahitaji tena kuhukumiwa.

Kinga yake ilikuwa daftari. Huwa ananunua magurudumu kutoka kwa magari yaliyogongwa na kwa wauza vipuri, na kila gurudumu lina ukurasa wake: jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, tarehe, na juma na mwaka ambao tairi lilitengenezwa, kama ulivyochapwa ubavuni. Mtu akikataa kutoa kitambulisho, Kiema hanunui. Anasema katika kila watu kumi wanaokuja kumuuzia, huwafukuza watatu.

"Mimi ndiye ninayeshuku kuliko wote hapa," anasema. "Wao wananishuku mimi. Mimi namshuku kila anayeingia hapo langoni na gurudumu mkononi."

Lakini daftari lina pengo. Asubuhi hiyo kibandani mlikuwa na magurudumu 38, na yaliyokuwa na kurasa ni 35. Magurudumu matatu hayana maandishi yoyote. Kiema anasema aliyanunua kabla hajaanza kuandika. Huenda ni kweli. Hakuna anayeweza kuthibitisha, yeye akiwemo.

Saa sita ilipofika, watu wapatao ishirini walikusanyika mbele ya kibanda. Mwenyekiti, Millicent Aluoch, mwalimu mstaafu, aliwaomba wazime milio ya simu, kisha akamtaka Ng'ang'a aonyeshe gurudumu lake kama lipo.

Ng'ang'a alipita mbele ya safu ya magurudumu mara mbili. Akasimama kwenye mojawapo ya yale matatu yasiyo na maandishi.

"Ndiyo hii," alisema, akiligonga kwa ncha ya kiatu. "Naijua. Rangi ni hii, saizi ni hii."

Millicent alimuuliza lini aliliona mara ya mwisho. Ng'ang'a alijibu kwamba gari ni lake na hana haja ya kulikagua kila siku.

"Hata bibi yako humkagui?" mtu aliuliza kutoka nyuma, na kikao kikacheka. Ng'ang'a hakucheka.

Alipobanwa, alikiri kwamba katika miaka mitatu ya kumiliki gari hilo hakuwahi kuinua ule ubao hadi siku ya pancha. Hakuona sababu. Alinunua gari, alisema, na gari huuzwa na spea.

Kamati ilimwita fundi mwingine kutoka ng'ambo ya barabara alijaribu gurudumu lile kwenye gari la Ng'ang'a. Mbele lilikaa sawasawa. Nyuma pia. Matundu yalikubali, shimo la katikati lilikubali, na lilizunguka bila kugusa breki. Minong'ono ilianza. Millicent akamgeukia Kiema.

"Inaingia," Kiema alisema. "Itaingia pia kwa nusu ya magari yaliyo hapa."

Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti ya chini, ingawa si ya chini sana, kwamba mwizi mwenye daftari bado ni mwizi.

Ndipo Kiema akaomba kitu kimoja: buti la Ng'ang'a lifunguliwe. Ng'ang'a alimkataza asilikaribie. Kiema hakubishana. Alirudi nyuma hatua kumi, akafunga mikono mgongoni, akamwomba mwenyekiti amwangalizie. Ng'ang'a akalifungua.

Kwanza alimwomba Millicent apitishe kidole kwenye sakafu ya lile shimo. Gurudumu likibebwa kwa miaka, alieleza, mpira wake huacha duara jeusi na bati huchubuka. Millicent alipitisha kidole na kukionyesha watu. Kilikuwa na vumbi. Rangi ya sakafu ilikuwa ya fedha na laini, sawa na ya milango.

Halafu alimwomba atafute katikati, mahali bolti ya kukaza spea huingia. Millicent alikuta kizibo cha mpira. Kucha zake hazikukitoa. Mutheu, aliyesimama miongoni mwa watu, alimpa kisu cha kukatia sukuma, na kizibo kikatoka. Aliangaza ndani kwa simu. Ndani ya tundu, hesi, yaani mifereji ya kushikia bolti, zilikuwa bado zimefunikwa na rangi ya kiwandani. Bolti haikuwahi kuingia humo.

Mwisho Kiema alimwomba augeuze ule ubao. Upande wa chini kulikuwa na karatasi ya maelezo yenye maandishi ya Kijapani, imebanduka pembe moja. Watu waliinama kuitazama.

"Kuna picha ya chupa na ya pampu," Millicent alisema polepole, kama anayesoma ubaoni. "Hakuna picha ya gurudumu."

Ng'ang'a alichukua ubao akautazama mwenyewe. Aliusogeza karibu na macho, akauweka mbali, akaurudisha butini. Gari lake liliuzwa bila spea. Lilishuka melini bila spea, likauzwa tena Nairobi bila spea, na aliliendesha miaka mitatu akiamini amebeba kitu ambacho hakuwahi kukilipia.

"Sawa," alisema mwishowe. "Na hiyo chupa iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Macho yaligeukia kibandani, ambako pampu tisa ndogo zimening'inizwa kwenye waya. Kiema alieleza kwamba wateja huziacha wakishapata spea, naye huziuza kwa wenye pikipiki. Millicent aliuliza kama zina kurasa. Hazina.

"Hapo sina la kusema," Kiema alijibu. "Ya kwake sikuichukua. Lakini sina la kuwaonyesha."

Chupa na pampu za gari la Ng'ang'a huenda zilitolewa bandarini, njiani au katika yadi alikolinunua. Zilipita mikononi mwa watu wengi, na hakuna aliyeandika.

Wanakamati watano walijitenga kwa dakika ishirini. Waliporudi, Millicent alisoma uamuzi kutoka kwenye karatasi. Kiema atabaki. Magurudumu matatu yasiyo na maandishi yataondolewa uani kabla ya Jumatano. Kuanzia siku hiyo pampu pia zitaandikwa. Baada ya miezi mitatu kamati itakaa tena, na hakuna gari litakaloguswa kabla ya hapo bila mwenyewe kuwepo.

Ng'ang'a hakutakiwa kuomba radhi, wala hakuomba. "Sijasema yeye si mwizi," alisema baada ya kikao. "Nimekubali hii moja hakuiba."

Kiema aliyabeba magurudumu yale matatu mwenyewe hadi kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu mchana uleule. Angeweza kuyauza kwa Sh18,000. Alipewa Sh2,100, akaomba risiti.

Lililomsumbua zaidi, anasema, si kile kikao. Ni kwamba kuna magari 62 yanayolala katika ua huo, na anakadiria kwamba zaidi ya nusu yake hayana spea. Haamini kwamba wenyewe wote wanajua. Kila mmoja asiyejua ni Ng'ang'a mwingine anayesubiri pancha.

Ana mpango, na kamati imeukubali. Kuanzia Jumatatu jioni, watu wakitoka kazini, kila mwenye gari atafungua buti lake, atainua ubao, ataandika kwa mkono wake kilichomo na kisichokuwemo, na kutia sahihi. Karatasi zitakaa kwa Millicent. Kiema hatazigusa. Aliomba hilo yeye mwenyewe.

Ng'ang'a hakusubiri Jumatatu. Saa kumi jioni alishuka ngazi, akachukua karatasi ya kwanza kwa mwenyekiti, akaandika nambari ya gari lake na neno moja: hakuna. Aliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Kisha akasimama mbele ya kibanda, akitazama ukuta, akamuuliza fundi spea ya gari kama lake ni pesa ngapi.

Kiema alimtajia bei ileile anayowatajia wote. Ng'ang'a alisema ataifikiria, akaondoka.

"Atarudi, au atanunua kwingine. Yote sawa," Kiema anasema, akifunga mlango wa kibanda. "Mimi nataka hayo mabuti 62 yaandikwe tu. Mtu akijua hana spea, atakuja kununua. Akidhani anayo, atakuja kunikamata."