Maji Aliyoyameza Bibi Wakio

Miaka mitatu baada ya Uhuru, kanisa letu la Voi lilitaka kuchonga jina la babu yangu, mzaa mama, kwenye jiwe la ukumbi mpya. Alikuwa mwinjilisti wa kwanza kule milimani. Mimi, mwalimu mwenye kalamu na majivuno yake, nikatumwa Wundanyi kukusanya sifa zake.

Alhamisi asubuhi basi liliondoka Voi. Vumbi jekundu lilituandama hadi Mwatate, kisha barabara ikaanza kujipinda na baridi ikaingia. Jirani yangu alinicheka kwa kuvaa shati jepesi. "Mwalimu, huku si Voi!"

Saa sita nilifika kwa Bibi Wakio, muumini mzee kuliko wote waliobaki. Alinipakulia kimanga, muhogo uliopondwa na maharage, nikala upesi maana daftari lilikuwa linaniwasha. Nikamwuliza babu alikuwa mtu wa namna gani.

"Mpole sana," akasema. "Ndiye aliyemrudisha mama yangu kwa wenye minyororo."

Nilidhani anamchanganya na mtu mwingine. Wapi! Mama yake alitoroka msafara wa watumwa huko tambarare, Bibi Wakio akiwa mtoto mgongoni, akapanda hadi misheni. Babu akampa uji. Kesho yake wenye msafara walipokuja, babu akamtoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa misheni ilikuwa imepatana nao ili mizigo yake ipite salama. Mtoto akabaki misheni. Wakambatiza, akalima shamba la misheni bila hiari mpaka alipoolewa.

"Na kanisa lilijua?"

"Kanisa ndilo lililomtuma, mjukuu wangu."

Niliona aibu hata ya kuitazama ile sahani ya chakula chake.

Nikapiga magoti, nikamsihi afanye kutasa. Kwetu Wadawida, mwenye kinyongo hutia maji mdomoni, akayatema pamoja na hasira yake, akatamka baraka. Kanisa liliikataza desturi hiyo, na mimi mwenyewe nimewafundisha watoto kwamba ni ushenzi. Siku hiyo sikuwa na kingine cha kuomba.

Bibi Wakio akachota maji kwa kata, akajaza mdomo. Kisha akayameza.

"Bado," akasema, bila ukali. "Wewe ni mmoja tu. Waje wa kanisa wenyewe, wanione."

Jumapili, Voi, nilisimama madhabahuni nikayasoma yote. Mchungaji akasema hayo yalikwisha zamani, tuyaombee tuyafunge.

"Hayajaisha kwake," nikamjibu. Nilikuwa nimejifunza, tena kwa kuchelewa, kwamba aliyekosa hana mamlaka ya kujisamehe.

Mama yangu, binti wa yule mwinjilisti, akainuka kwenye benchi la mbele. Nikadhani anatoka kwa hasira. Akanijia mpaka pale nilipokuwa.

"Kesho basi la Wundanyi linaondoka saa ngapi?" akauliza.