Mbishi wa Kitanda cha Tatu

Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye vyeti. Kazini walimwita Mbishi, naye akaitika. Alikuwa nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani, na alibishana na kila mtu: dokta, fundi umeme, hata pampu zinazolia ovyo. Lakini ubishi wake mkubwa ulikuwa na kifo. Mgonjwa akianza kuteleza, utamsikia, "Wewe, unakwenda wapi? Nani kakuruhusu?" Wenzake walicheka, ila hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze.

Mtu pekee aliyemshinda kwa ubishi ni kaka yake mkubwa, muuza mabati na misumari. Kila wakikutana, wimbo wake ni uleule. "Njoo unisimamie duka. Kazi gani hiyo ya kulinda maiti?" Mbishi alimjibu kwamba maiti hawahitaji nesi, na salamu ziliishia hapo. Kumbe maneno yale yalimkata maini. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule kila mvua iliponyesha, na ndiye huyohuyo asiyetaka kujua amekuwa nani.

Basi siku moja bati likamkata kaka kwenye muundi. Akafunga kitambaa, akaendelea na wateja. Mguu ukavimba, akasema utanywea. Homa ikaja, akasema ni uchovu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huyu alidharau bati zima. Mke wake alipomfikisha hospitali alikuwa anatetemeka na kuongea yasiyoeleweka, na presha imeanguka mpaka mashine ya mkononi ikagoma kuisoma. Vijidudu vya kidonda vilishaingia kwenye damu, mishipa imelegea mwili mzima, damu inazunguka bila msukumo. Akapigwa sindano za kuua vijidudu, akaongezewa maji, kidonda kikasafishwa kwenye chumba cha upasuaji. Akaletwa kitanda cha tatu na mpira wa kupumulia kooni, pampu ya dawa ya kukaza mishipa ndiyo inayomshikilia duniani.

"Cha tatu si chako," Sista Mkuu alimwambia Mbishi. Ndiyo sheria ya chumba kile, ndugu hamuuguzi ndugu. "Wewe chukua cha nne. Cha tatu atakaa Mpole."

Mpole alikuwa nesi mwenzake, mtu wa maneno ya kuhesabu, jibu lake kwa kila jambo ni "sawa." Mbishi alibisha, akashindwa, akaenda kwa bibi wa kitanda cha nne huku masikio yake yamebaki cha tatu.

Kesho yake mchana Mpole alitoka kufuata dawa. Mbishi akamtazama kaka yake alivyolazwa karibu chali, na roho ikamuuma. Tangu utotoni kaka alichukia kulala hivyo. Alikuwa akisema chali hulala waliokufa. Akavuka, akakinyanyua kichwa cha kitanda, akamweka shingo vizuri, akarudi kwake haraka. Hakugusa pampu, hakugusa dawa. Alijiambia dada naye ana haki yake.

Dokta alipopita alifurahi. Lengo lilikuwa presha ya wastani isishuke chini ya sitini na tano, na sasa skrini ilionyesha sabini na kidogo. Akaagiza dawa ianze kupunguzwa taratibu. Mpole akasema sawa, akapunguza. Wifi, huko nje kwenye benchi, aliposikia alilia kwa furaha na kuwapigia simu ndugu wote.

Furaha ile haikufika jioni. Mfuko wa mkojo haukuongezeka hata tone. Mpole akashika vidole vya mgonjwa, vya baridi. Akafunua magoti, akaona yana mabaka ya zambarau. Akabonyeza ukucha, wekundu ukakawia kurudi. Akaitazama skrini iliyokuwa inasema hajambo, kisha akakitazama kitanda.

"Nani amekinyanyua hiki?" akauliza.

Hapo Mbishi akaelewa alichofanya. Kwenye mkono wa mgonjwa kuna mrija mwembamba unaopeleka habari za damu kwenye kipimio kidogo kilichofungwa kwenye nguzo, na kipimio kile lazima kiwe usawa wa moyo. Ukimnyanyua mgonjwa ukakiacha chini, kinasoma presha kubwa kuliko iliyopo. Nesi yeyote wa chumba kile analijua hilo, na manesi wapya wote walifundishwa na Mbishi mwenyewe.

"Mimi," akasema.

Mpole alikipandisha kipimio, akakiweka sawa, na namba ikaporomoka hadi hamsini na mbili. Walikuwa wamemnyima dawa mtu aliyekuwa anazama.

Dokta akaja mbio. Pampu ikapandishwa, dawa ya pili ikaunganishwa, maji kidogo yakaongezwa. Sista Mkuu akamgeukia Mbishi na kumwonyesha mlango.

"Nifukuze kesho," Mbishi akasema. "Leo sitoki. Mikono naifunga nyuma, sigusi kitu. Lakini huu mdomo ni wa dada yake, si wa nesi."

Sista Mkuu akanyoosha kidole. "Simama pale ukutani," akasema. "Cha nne nitakaa mimi."

Akasimama ukutani, mikono nyuma kama mfungwa, akamgombeza kaka yake. "Unakwenda wapi? Nani kakuruhusu? Umenibishia maisha yako yote, hata sukari ya kwenye chai, leo ndiyo unakubali kirahisi hivi? Nimekukosea, najua. Amka unitukane." Machozi yalimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mpole, yule wa maneno ya kuhesabu, alimsomea namba moja moja bila kuombwa. Hamsini na tano. Hamsini na nane. Ikashuka tena, dokta akaongeza dawa. Sitini. Taa za barabarani zilipowaka ilikuwa sitini na sita, na magoti yameanza kupata joto.

"Mkojo," Mpole akasema, akiuinua mfuko. Hapo ndipo Mbishi alipoifungua mikono, akajifuta uso.

Onyo la maandishi alipewa, akatia sahihi bila kubisha, jambo lililowatisha wenzake. Kaka aliendelea kupanda polepole, dawa zikapungua kweli safari hii, mpira ukatolewa kooni. Siku aliyoweza kuongea, Mbishi alikuwa zamuni kitanda cha nne, akajiiba kidogo kuja kumrekebishia shuka. Alijiandaa kusikia habari za duka.

Kaka hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama skrini ya jirani.

"Ya bibi yule imefika hamsini na tisa," akasema kwa sauti iliyokwaruzika. "Inatakiwa sitini na tano, si ndiyo? Sasa wewe unakunja shuka za nini hapa?"

Mbishi aligeuka na kukimbilia pampu ya kitanda cha nne. Nyuma yake akasikia kaka yake anajikohoza, anajikusanya, kisha anamfokea yule bibi kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Wewe mama, unakwenda wapi? Nani kakuruhusu?"