Jina la Mwenye Shamba

Mzee niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi hapa Sydney alikuwa na ugonjwa usio na dawa: jina lake la ukoo. Ukutani alibandika ramani ya dunia, na kila mahali jina hilo lilipofika alichomeka pini nyekundu. Asili yake, alinieleza huku nikimfunga vifungo vya shati, ni kijiji kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, na maana yake ni mtu akaaye karibu na zizi la kondoo. Zizi gani hilo lililomwaga watu mpaka Kanada, Nyuzilandi na huku! Kwa masimulizi yake waliota tu kama uyoga, wala hawakumsukuma mtu.

Pini moja ilikuwa Kenya. Siku aliposoma beji yangu vizuri, alicheka mpaka meno ya bandia yakalegea.

"Kumbe wewe ni wa kwetu!"

Nilimwambia hapana, mimi ni wa wale waliopalilia kahawa ya wa kwenu. Babu yangu alikuwa mpishi wa huyo ndugu yake wa Kenya, mwenye shamba. Karani wa vipande, vile vitambulisho vya kikoloni, hakutaka kuhangaika na jina la Mwafrika, akamwandika kwa jina la mwenye shamba, kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Watu wakalizoea. Naye babu, naona haya kusema, akalizoea pia.

Desturi yetu ya Mlima Kenya ndiyo iliyomalizia kazi. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, ili babu arudi. Basi nilipozaliwa walidhani wanamrudisha babu, kumbe wanamrudisha Mzungu wake! Jina la kweli la babu nimeliulizia kwa kila mzee aliyebaki, na hakuna alikumbukaye. Na sasa mke wa mwanangu alikuwa mjamzito, tena wa mtoto wa kiume, na zamu ya kurudishwa ilikuwa yangu.

Mzee wa ramani alifurahi kusikia hayo. Akataka kuandaa pini ya mjukuu wangu. Nikamwambia ale uji wake.

Wiki ya pili yake mwanangu akapiga simu kutoka hospitali, fomu mkononi.

"Dad, amefika! So anakuwa wewe, sawa?"

"Asiwe mimi."

"Serious? Dad, you've been waiting for this."

Ni kweli, nilingoja. Miezi yote ile nilitembea mtaa wetu wa Guildford mzima kifua mbele. Kwetu, babu asiyepewa mjukuu hana wa kumrudisha.

"Mpe jina la baba wa mkeo," nikasema. "Na mwisho weka lako la kwanza, si langu."

Baba mkwe huyo wa mwanangu, Mkongomani wa mtaa wa Auburn, ni bingwa wa majivuno. Kila Jumapili humnyanyua mtoto mbele yangu na kumwita "mimi mdogo." Nami hucheka, roho ikiniuma. Lile jina limekoma kwetu, na mimi nimekoma nalo.