Nukta Mbili za Chokaa

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku iliyofuata kutangazwa kwa matokeo ya urais, jirani yangu aligonga geti langu kwa jiwe. Haikuwa kawaida yake. Siku zote aliita tu, "Mwalimu!", ingawa alijua vizuri kwamba niliacha shule darasa la saba na kwamba kazi yangu ilikuwa kutunza stoo ya mbao mjini Eldoret. Mwalimu halisi alikuwa yeye, mstaafu na mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya mawe iliyopakana na yangu, hatua themanini kutoka Mto Sosiani.

"Umeona kitu kwenye mti wangu?" aliuliza.

Tulienda kuangalia. Kwenye shina la mti uliosimama karibu na geti lake kulikuwa na nukta mbili za chokaa, kila moja ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

"Mama wa maziwa anasema zimejaa huku kote. Nukta moja ni mpangaji wa kufukuzwa, mbili ni mwenye ploti. Ulikuwa umeziona?"

"Hapana, Mama," nilisema.

Nukta hizo nilizipaka mimi.

Nilihamia mtaa ule kwa sababu ya miti yake. Barabara ilifunikwa na mijakaranda, na kando ya mto kulikuwa na mikuyu na mikaratusi mirefu ambamo ndege waitwao hadada walilala. Nilikuwa nimenunua barabarani kitabu kuukuu cha miti, kisicho na kurasa za mwisho, nikaamua kuijua yote, mmoja mmoja. Kila siku kabla ya kazi, kukiwa bado na ukungu, nilitembea na daftari. Mti niliouhesabu niliupaka nukta moja, nisije nikauhesabu tena. Mti nisioujua jina niliupaka mbili, ili nirudi na kitabu. Chokaa ilikuwa mabaki ya stoo. Jirani aliwahi kuniona na daftari akacheka: "Mwalimu, unawaandikia ndege mtihani?" Chokaa hakuiona.

Kufikia mwezi wa kumi na mbili nilikuwa na miti mia mbili na kumi na minne. Wake ulikuwa wa arobaini na moja.

Nimejaribu mara nyingi kupanga sababu za jibu langu la asubuhi ile. Kwenye njia panda vijana walikuwa wamepanga mawe, wakiomba kitambulisho kwa kila anayepita ili wajue kabila lake. Daftari langu lilikuwa na ramani ya mtaa, mageti yote na namba. Nani angeamini kwamba ni miti? Lakini aliyeniuliza hakuwa kijana wa mawe. Alikuwa mama aliyenipa mboga kila Jumamosi, amesimama hatua moja kutoka kwangu. Sijui nilimwogopa nani.

Saa nne lori la kanisa lilikuja kuchukua watu kuwapeleka kwenye uwanja wa maonyesho. Alipakia sanduku, redio na vyeti vyake vilivyofungwa kwa kanga. Akanipa ufunguo wa banda.

"Kuku wangu wale, Mwalimu. Na wewe usiwale."

Niliitikia. Hata wakati lori linawasha injini nilikuwa bado na nafasi ya kusema.

Usiku huo nyumba mbili ziliungua baada ya kona ya mto. Yake haikuguswa. Asubuhi nilichukua maji na gunia nikajaribu kusugua nukta, lakini chokaa ilikuwa imeingia kwenye magome ya mti, na mtu akipita angeniona. Niliacha.

Mambo yalipotulia kidogo nilianza kutembea tena, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Miti mingi ilikuwa imekatwa ili kuziba barabara. Nilihesabu mia moja sabini na mmoja. Nikarudia, nikapata mia moja sitini na minane. Kona niliyoijua kwa mkuyu wake haikuwa na mkuyu. Nilisimama mbele ya geti nililolipita miaka minne nikashindwa kukumbuka ni la nani, hadi mbwa aliyelifahamu zaidi yangu akaja akanibwekea.

Kisha nililinganisha nyumba mbili zilizoungua na daftari. Hakuna hata moja iliyokuwa na mti wenye nukta karibu. Nilimuuliza fundi wa baiskeli kwenye daraja kama amesikia habari za alama.

"Alama za chokaa? Hizo zilikuwa za kulinda, mzee. Penye nukta hapakuguswa. Kwani hukuona?"

Mama wa maziwa, aliyekuja kutoka Kapseret kila asubuhi, alikuwa na hakika kwamba zilikuwa orodha ya kuchoma na kwamba mvua ndiyo iliyowazuia wachomaji. Hapakuwa na mvua usiku ule. Niliandika maneno ya wote wawili kwenye ukurasa mmoja, nikayasoma, na nikajikuta karibu kuamini yote mawili, mimi niliyezipaka kwa mkono wangu.

Jirani alirudi mwezi wa tano, akiwa na mnunuzi. Mnunuzi alipoingia kupima vyumba, nilimkuta mama getini, nikamfungulia daftari pale palipoandikwa arobaini na moja.

"Mama, zile nukta ni zangu. Nilikuwa nahesabu miti. Usiuze kwa sababu ya nukta."

Alisoma ukurasa mzima polepole, kama anayesahihisha.

"Uliniambia hukuziona."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nimelala kwenye hema miezi minne kwa sababu ya hesabu yako."

Aligeuka akatazama kona ya mto, kuta nyeusi zilipokuwa zimesimama bila mabati.

"Au labda niko hai kwa sababu yake. Wewe unajua ni ipi?"

"Sijui, Mama."

"Basi mimi nitajuaje?" Alinirudishia daftari. "Na mbili maana yake nini?"

"Mti nisioujua jina."

Hapo alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Huu ni muhuru. Marehemu mume wangu aliuleta kutoka kwao Nyeri, kwenye mkebe wa mafuta. Ungeniuliza tu. Miaka minne unakula mboga zangu, huwezi kuuliza?"

Mnunuzi alitoka akisema choo kina ufa na bei lazima ishuke. Nilimwambia mama asubiri mwaka mmoja tu, nitamtunzia nyumba bila malipo. Alisema kwamba sasa anajua nukta zilikuwa za nani, lakini kila akilitazama geti lile miguu yake inataka kupanda lori. Alikubali bei mbele yangu: laki sita.

Niliandika "muhuru" kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Miaka miwili baadaye ploti ya upande wa pili, yenye ukubwa uleule na nyumba ya mawe kama ile, iliuzwa kwa milioni moja na laki nne. Nikaongeza tofauti ya bei hizo mbili kwenye mstari huohuo, mbele ya jina la mti: shilingi laki nane.