Kampeni ya Kwenda Bila Chupa

Miaka ile ya kampeni za uchaguzi, kila baraza pale Vitongoji, Pemba, ilikuwa na chama chake. Yangu ilikuwa na mimi, jamvi na buli la chai. Skuli ya sekondari nilisoma Unguja, na nilipomaliza nikarudi nyumbani kama mtu aliyeahidiwa kwamba kutembea kumekwisha.

Aliyenitoa barazani ni shangazi yangu. Alianza kukohoa karafuu hazijaiva, na zilipokwisha kuanikwa, kanga moja ilikuwa inamzunguka mara mbili. Dawa alikunywa, tena kwa adabu, lakini dresa, mtoa dawa wa zahanati yetu, hakuwahi kumwona. Kwetu mgonjwa habebwi, hubebwa chupa yake. Anayekwenda hukusanya chupa za mtaa mzima. Dresa huuliza, "Hii ya nini?" Unajibu, "Kikohozi," naye anamimina. Chupa zetu alizijua kwa sura. Sisi angetupita njiani.

Nikaanza kampeni, nikiwa nimekaa. Kila apitaye namwambia: mpelekeni mgonjwa, chupa ibaki.

"Na chama hiki kinaitwaje?" akaniuliza jirani yangu mvuvi.

"Bado hakina jina."

"Kina mwenyekiti asiyefika hata sokoni! Hebu mpeleke shangazi yako kwanza, ndiyo tukupe kura."

Shangazi naye hakutaka. "Mwanangu, niende mikono mitupu? Kama mtu anayekwenda kisimani bila ndoo!"

"Aibu nibebeshe mie, Bi Shangazi."

"Utaiweza? Hata kikapu kinakushinda."

Asubuhi tukaenda, mimi nikihema kuliko mgonjwa. Jirani na wenziwe wakatufuata kuja kucheka, na chupa zao wakaziacha nyumbani makusudi, ili kicheko kinoge.

Dresa akatutazama mikono. "Chupa ziko wapi?"

"Hatukuja nazo," nikasema.

"Sasa dawa nitatia wapi?"

"Kwanza mtazame unayemtilia."

Watu wakaangua kicheko. Dresa, kwa hasira, akautungua mpira wa kusikilizia kifua uliokuwa msumarini, akaupangusa vumbi, akauweka mgongoni kwa shangazi. Akasikiliza. Akauhamisha, akasikiliza tena. Kicheko kikafa chenyewe.

"Huyu ni wa spitali ya Chake, leo hii," akasema. "Kwa nini hamkumleta mapema?"

Jirani yangu ndiye aliyekwenda kutafuta gari.

Kilikuwa kifua kikuu. Shangazi alilala spitali mpaka mikarafuu ikatoa vitumba tena, na mimi nikawa mtu wa njia ya Chake, bakuli la mchuzi mkononi, watu wakinipigia vigelegele vya kebehi kila nipitapo. Huku nyumbani chupa zilirudi kwenye foleni ya dresa, ila sasa nyingi zilikuja na wenyewe.

Shangazi alirudi kanga ikimtosha. Kabla hajaketi akauliza chupa yake iko wapi.

"Nimeitia mafuta ya taa."

"Afadhali," akasema. "Imepata kazi inayoiweza."